Siku Niliyofundisha Kemia Saltley

Katika kiwanda chetu cha Saltley kazi yangu ilikuwa kupiga msasa vipande vya grafiti. Ni kaboni ileile iliyo ndani ya penseli, ila ya kwetu ilikandamizwa na kuchomwa mpaka ikaweza kuvumilia moto unaoyeyusha chuma. Nilivaa barakoa kutwa nzima, na nikiivua uso ulibaki na rangi mbili. Hakuna aliyeniuliza nilifanya kazi gani kabla ya kuja Birmingham, nami sikusema.

Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa mwalimu wa kemia.

Kisha wakaleta mtambo mpya. Zamani unga wa kaboni ulitiwa kwenye kalibu na kukandamizwa kutoka juu. Sasa ulijazwa katika mfuko wa mpira, mfuko ukazamishwa ndani ya tangi la maji, na maji yakaubana kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Tuliambiwa vipande vitakuwa imara kuliko vya zamani. Vya kwanza vikatoka tanuruni vimepasuka. Vya pili vilevile.

Msimamizi wetu, mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, alinikuta nakigeuzageuza kimoja. Nikamwambia wanaojaza mifuko wanaushindilia unga kwa fimbo, kama walivyozoea, kwa hiyo chembe zinalala upande mmoja kabla maji hayajazifikia.

"Mama, hayo umeyajulia wapi?"

"Nilikuwa nafundisha kemia, mzee."

Akasema kesho saa nne nitawaeleza wenzangu wote. Nikamwambia Kiingereza changu hakitoshi.

"Sema kwa Kiswahili," akasema. "Mimi nitawatafsiria."

Kesho yake nikasimama mbele yao katika chumba cha chai. Ubao haukuwepo, nikaomba karata walizokuwa wakicheza mapumzikoni. Nikazipanga zikalala pamoja, nikawaonyesha jinsi zinavyotelezeana kirahisi, na jinsi chembe zilizolala hivyo zinavyotanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine zikipata moto. Kisha nikazivuruga. Zikielekea huku na huku, nikasema, hakuna upande dhaifu. Uvira masomo yalikuwa kwa Kifaransa, lakini wanafunzi wakikunja nyuso nilihamia Kiswahili, na maneno yalinijia yaleyale. Nilisema, mzee akatafsiri, na baada yake nikaona nyuso zinafunguka. Jamaa mmoja mkubwa akasimama kuuliza jambo. Nikamjibu, halafu bila kufikiri nikamwambia akae chini. Mzee akatafsiri hata hilo, na yule jamaa akakaa.

Waliacha fimbo, wakawa wanautikisa mfuko polepole. Vipande vikatoka vizima.

Wiki iliyofuata nilipiga pasi blauzi yangu nzuri na kuivaa chini ya ovaroli, nikidhani huenda nitaitwa tena. Lakini waliouza mtambo walimtuma fundi wao, na mafunzo yote yakawa kwenye skrini pembeni ya tangi. Ilikuwa haki yao. Mzee alipita mezani kwangu, akaniambia, "Pole, mwalimu," akaenda zake. Nikashika msasa.

Jioni hiyo, ndani ya basi, nilimsimulia binti yangu habari ya zile karata. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza. Akaniuliza kama nilikuwa mwalimu kweli, au nilikuwa nawasaidia watoto tu, kama wale akina mama wanaokuja darasani kwao. Ndipo nikatambua kwamba sikuwahi kumwambia.

Nikamweleza. Nikamwambia juu ya madirisha yaliyotazama ziwa, chupa za asidi nilizozifungia kabatini kwa ufunguo wangu mwenyewe, na wasichana walivyosimama wote pamoja nikiingia, viti vikikwaruza sakafu. Hapo nikatazama nje, maduka ya Alum Rock Road yanapita.

Akaniuliza ni nani anawafundisha sasa.

Nikamwambia sijui.