Mawe ya Stesheni Yangu

Juzi, kwenye stesheni ya mizigo Nairobi, niliona behewa limewekewa kipande cha mbao nyuma ya gurudumu, nikakumbuka alasiri moja kwetu Kanyakine.

Nilikuwa nimejenga stesheni yangu uani: reli za mabua, ghala la boksi lililonukia majani chai, mabehewa ya makopo yenye magurudumu ya vizibo. Treni sikuwahi kuiona. Nilijua lori, na kwetu lori likisimama mlimani, tanboi, msaidizi wa dereva, huruka chini na jiwe la kuzuia gurudumu. Kwa hiyo kila behewa nililiwekea lake.

“Kendi, treni haiwekewi mawe,” alisema mjomba, mtu wa Nairobi. “Toa.”

“Sitoi, mjomba.”

Aliyatoa mwenyewe. Mabehewa yote yaliteremka kwenye mteremko wa ua, yakagonga migomba.

Niliyarudisha, nikayawekea mawe yale yale, moja baada ya jingine, nikimkazia macho.