Wari Tisa na Robo Tatu za Shangazi Kulthum

Shangazi yangu Kulthum alikuwa fundi wa cherehani hapa Mambrui kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa muda huo wote ndiye aliyewakatia sanda wanawake wa mtaa wetu. Kwa kushona alilipwa. Kwa sanda hakupokea chochote, na ukimshukuru alikwambia, "Mshukuru aliyenipa mkono na macho." Mwezi uliopita Mola alimchukua. Wengi watamkumbuka kwa magauni ya Idi. Mimi namkumbuka zaidi kwa hesabu.

Skuli hakuingia. Nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumni alizijua tangu utotoni, kwenye chuo cha Kurani, walipofundishwa kugawanya mirathi. Nilipokuwa darasa la sita alinikuta nimeficha karatasi ya mtihani chini ya mto.

"Hapa uliulizwa nini?"

"Nusu ukiongeza thuluthi."

"Ukajibu?"

"Humusi mbili. Mbili juu ya tano."

Alicheka hata sindano ikamtoka mkononi. "Haya, we Afiya. Nimekukatia nusu wari. Nikakuonea huruma, nikakuongezea thuluthi. Sasa unaondoka na kitambaa kidogo kuliko ile nusu ya kwanza? Hiyo ni huruma au wizi?"

Akachukua kitambaa cha wari moja, akakikunja mikunjo sita iliyo sawa. Nusu ni mikunjo mitatu, thuluthi ni miwili. Jumla mitano kati ya sita. "Kwanza vipande viwe sawa," alisema, "ndipo uhesabu." Nilimaliza kidato cha nne, na katika walimu wote wa hesabu walionipitia, sikumbuki aliyenieleza vizuri zaidi.

Alipokwenda kuhiji alirudi na bafta nyeupe, wari kumi na mbili, aliyoilowesha kwa maji ya Zamzam. Aliikausha, akaifungia kashani, akatuusia: "Siku yangu ikifika, nivisheni hii. Msinitafutie ya dukani." Hakuwahi kutuomba jambo jingine kubwa.

Alifariki Alhamisi alfajiri, na maziko yakapangwa baada ya swala ya alasiri. Chumbani tulikuwa watatu: mimi, binti yake Da Mastura, na Kabibi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Da Mastura alifungua kasha, akatoa bafta, akaanza kuipima kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Dhiraa mbili ni wari moja.

"Kumi na saba na nusu," alisema. "Ndiyo wari nane na robo tatu."

Nilichukua bahasha, nikaandika vipande vitano vya sanda ya mwanamke wa kimo cha shangazi. Nguo mbili za kuzungushia mwili, kila moja wari mbili na nusu. Kanzu, mbili na nusu. Shuka ya kiunoni, moja na robo. Ushungi wa kichwani, robo tatu. Nikavivunja vyote viwe robo: kumi, kumi, kumi, tano, tatu. Robo thelathini na nane, yaani wari tisa na nusu. Tulikuwa na nane na robo tatu. Pengo lilikuwa robo tatu, sawasawa na ushungi.

Da Mastura alikaa chini. "Mama nimzike na ushungi wa dukani?"

"Kisheria hata nguo moja ya kumsitiri mwili wote inatosha," nikasema.

"Sheria naijua, Afiya. Lakini ametuomba hili moja tu."

 Kabibi akauliza, "Alikuja na wari ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi hesabu yenu imekula wari nzima. Kwenye bafta hii alimkatia marehemu mama yangu mbili na robo. Ilikuwa siku ya Idi, maduka yamefungwa, mume wangu yuko kwenye mashamba ya chumvi Marereni, na bafta yetu haikutosha. Mimi ndiye niliyemshikia upande wa pili akikata."

"Na mwingine hakumpa," akasema Da Mastura. "Angeniambia."

Kumi na mbili ukitoa mbili na robo ni tisa na robo tatu. Niliutazama mkono wa Da Mastura. Yeye kimo amemrithi baba yake. Shangazi alikuwa mfupi, na mkono wake ulikuwa nusu wari kamili, inchi kumi na nane. Alikwisha kuuhakiki kwa utepe.

"Da Mastura, hebu nyoosha mkono."

Utepe ulikuwa kwenye mtoto wa cherehani, ile droo yake. Inchi ishirini.

"Huo si mkono, ni mpini wa jembe!" Kabibi akasema, na Da Mastura akacheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa ncha ya leso. Kila dhiraa yake ilikuwa imemeza inchi mbili.

Tukaitandika bafta upya, tukaipima kwa utepe mara mbili. Wari tisa na robo tatu. Ukiondoa tisa na nusu inabaki robo, nayo tuliichana vitambaa vya kufungia kichwani, kiunoni na miguuni. Kile alichompa mwenziwe hakikumpunguzia kitu. Alhamdulillahi kwa hilo, na kwa kila siku Mola aliyotujaalia kuwa naye.

Tulimwosha, tukamvisha kimoja kimoja. Ushungi alimvisha Da Mastura mwenyewe. Aliulaza vizuri kwenye paji la uso, akaunyoosha pembeni, akasema polepole, "Umetosha, mama." Nje wanaume walikuwa wamekwisha kuleta jeneza.