Siku Nilipopunguza Bei ya Wasiolala

Magodoro thelathini na moja ya sponji, heshima yangu yote mtaani Nyamirambo, na salamu za asubuhi za binti yangu kwa majuma mawili: hiyo ndiyo gharama, nimeijumlisha mara mbili na haishuki. Naandika nikiwa bado na aibu, maana kila nikipita Biryogo kuna mtu ananiinulia vidole kumi hewani na kucheka, na nimeona heri habari mzipate kwangu kuliko kwa Haruna, fundi cherehani jirani yangu, ambaye hawezi kusimulia kitu bila kukitia chumvi.

Mimi nauza magodoro. Pia ni mtunza hazina wa kamati ya wazazi katika shule anayosoma Zaina, binti yangu (walinichagua kwa sababu sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, hata nyanya). Vita vya kaskazini vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na mwalimu wake, Madamu Veneranda, akaona wanafunzi wanasinzia darasani, na kengele ikigongwa wengine wanaingia chini ya madawati. Basi akaigawia shule nzima karatasi zisizo na majina zenye maswali machache: usiku unalala? ukisikia kishindo moyo unakwenda mbio? una mtu wa kumweleza? Akakusanya majibu, akayahesabu, kisha akaja nayo dukani kwangu, amechoka, vumbi mpaka magotini.

Wasiolala walikuwa arobaini na mmoja. Alitaka chumba kimoja cha shule kiwe cha kupumzikia mchana, muuguzi aje kila juma kuzungumza na hao watoto, na kamati itoe godoro kwa kila mmoja. Muuguzi mwenyewe alikuwa mtu wa hospitali ya Ndera.

Hapo nikashtuka mara mbili. Kwanza ni hiyo Ndera, kwa sababu hapa Kigali ukimwambia mtu kwamba ni wa Ndera umemwita kichaa, na mtaa ukisikia shule yetu inatembelewa kutoka huko, nani atakuja kuposa binti zetu? Pili ni magodoro, kwa sababu kamati haikuwa na kitu mfukoni, na muuza magodoro ndani ya kamati alikuwa mmoja tu.

"Arobaini na mmoja ni wengi, Madamu," nikasema. "Tuandike wanane."

"Baba Zaina, hawa si nyanya."

"Haya, kumi. Nimepanda."

"Wamejibu wenyewe."

"Mtoto ukimpa kalamu anajibu lolote! Waliokimbia kutoka kaskazini, hao nawaelewa. Lakini wa hapa mtaani wanalala fofofo. Mwangalie Zaina wangu: anaamka kabla ya adhana, mimi nikitoka kitandani ua umefagiwa na chai imechemka."

Madamu akanitazama. "Kabla ya adhana? Kila siku?"

"Kila siku!" nikajibu kwa fahari (naomba mkumbuke hiyo fahari).

Akakunja karatasi zake, akasema, "Ukipunguza namba, watoto hawapungui." Lakini bila saini yangu mkuu wa shule asingetoa chumba, na muuguzi alikuwa anakuja Jumamosi, kwa hiyo akakubali tuanze na kumi. Nikasaini, nikatoa magodoro kumi. Siku hiyo nilifunga duka nikipiga mluzi, kutoka arobaini na mmoja mpaka kumi bila hata kupandisha sauti!

Jumamosi wazazi wakajaa uani, nami nikasimama mbele yao na koti langu la Idi, nikawaambia wasiwe na hofu, shule nzima ina watoto kumi tu wenye shida ya usingizi, na wote ni wa kutoka mbali. Wakapiga makofi. Muuguzi, mzee mpole mwenye sauti ndogo, akasema mlango uko wazi, anayetaka kupumzika aingie, hakuna atakayeulizwa jina. Mimi nikajipa kazi ya kusimama mlangoni na kuhesabu (hakuna aliyeniomba).

Wakaanza kuja, mmoja mmoja, wanaangalia chini. Alipoingia wa kumi nikarudia kuhesabu ndani, kumi kamili, nikanyoosha mkono kuziba mlango. Lakini mstari haukuisha, ulikuwa umezunguka bomba la maji na bado unarefuka, na kila mzazi aliyemwona wake ndani ya mstari alikuwa ameacha kuzungumza. Mbele yangu akasimama msichana aliyejitanda kitenge mpaka puani.

"Pamejaa, binti. Rudi kwa baba yako ukalale."

Akashusha kitenge.

"Ndiko ninakotoka, Baba," akasema Zaina.

Wa kwanza kucheka alikuwa Haruna, akaniita kwa jina. "Yewe Musa! Na huyu naye wa mbali?" Ua mzima ukalipuka, na mimi nilikuwa karibu kucheka nao, ila nikayaona macho ya mwanangu yalivyokuwa mekundu, nikajiuliza asubuhi zote zile nilikuwa naangalia nini. Nilikuwa naangalia ua ulivyofagiwa.

"Madamu," nikamwita, "ongeza mmoja tu."

"Kumi, Baba Zaina. Ulisaini."

"Kumi na mmoja! Nakuomba."

"Na aliye nyuma yake?"

Aliye nyuma yake alikuwa mtoto wa Haruna. Kile kicheko kikakatika kama uzi.

"Wote," nikasema. "Arobaini na mmoja."

"Wazazi hawajasikia."

Nikageuka nikawaambia kwa sauti, kwamba namba niliyowapa niliifanyia biashara, na ya kweli ndiyo hii. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha nikaenda dukani mbio, nikayafunga magodoro thelathini na moja yaliyopungua kwenye mkokoteni na kuusukuma mwenyewe kupanda mlima na lile koti la Idi, safari mbili, watoto wa mtaani nyuma yangu wakiniuliza kama mke amenifukuza, na godoro moja likaangukia mtaroni mbele ya kinyozi aliyesema hilo nimpunguzie.

Sitataja tena idadi ya watoto wa watu kabla sijauliza nyumbani kwangu, hilo nimeapa. Madamu ananiambia Zaina mchana analala kwenye kile chumba, mdomo wazi. Nyumbani bado. Siku hizi na mimi naamka kabla ya adhana, namkuta jikoni, ananisalimia, tunakunywa chai tukiangalia moto, na mimi ninayejua bei ya kila kitu Kigali sijui nianze na neno lipi. Haruna nimemuuliza, naye hajui.

Kwa hiyo ninyi wa kamati mnaosoma hapa, magodoro msinilipe. Ila kama kuna mmoja wenu ambaye mtoto wake usingizi ulimrudia, aje dukani aniambie alianza kwa kumuuliza nini. Ataje bei yake, nitalipa hiyo ya kwanza.