Kasoro Aliyoipanda kwa Mkono Wake

Saa nne za asubuhi, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa. Jalila Faki anaikazia macho kompyuta yake kama mtu aliyeambiwa uongo mchana kweupe. Kiooni imejaa mistari myekundu, ya buluu na ya kijani, iliyopishana mithili ya miyaa ya mkeka ambayo haijasukwa. Chini yake yametokea maneno mawili: hakuna kasoro.

"Kasoro ipo," anasema taratibu. "Nimeitia mimi mwenyewe."

Jalila, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, hurekebisha programu ambayo wahandisi huitumia kuchorea chipu, kile kipande kidogo kilicho ndani ya simu na redio. Mchoro huonyesha nyaya zitakapopita. Zikigusana mbili zisizopaswa kugusana, chipu itokapo kiwandani ni ya kutupwa, haifunguliwi ikatengenezwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuiamini programu, huijaribu. Hugusanisha nyaya mbili makusudi, kisha huiuliza imeona nini. Leo haioni kitu. Akiisogeza kasoro ile kando kidogo, inaiona. Akiirudisha mahali pake, haioni tena.

Mwezi uliopita aliipa programu hiyo mbio mpya. Ukaguzi uliokuwa ukila asubuhi nzima sasa huisha kabla chai haijapoa, na kwa sababu hiyo kampuni moja ndogo ya Nairobi ikamchukua kwa majaribio. Sasa chuo kimoja kinangoja mchoro wake ukaguliwe upelekwe kiwandani kesho, na Gedion, msimamizi wa Jalila katika kampuni, amechoka kungoja.

"Jalila, turudishe tu ile ya kitambo," anasema kwenye simu. "Ilikuwa kobe, lakini haikuwa kipofu."

"Nipe hadi alasiri."

"Alasiri ya Mombasa ama ya Nairobi?"

Jalila hacheki. Mbio zile zikiondolewa, hana kingine cha kuonyesha majaribio yatakapokwisha.

"Jalila!"

"Abee, mama."

Mlangoni amesimama mama yake, Bi Dhahabu, mpinda leso wa mtaa, redio kwapani. "Bwana Ngala kaleta redio yake. Yakoroma."

"Mama, mimi sitengenezi redio."

"Basi watengeneza nini?"

"Kifaa cha kuchorea vitu vinavyotiwa ndani ya redio."

"Na hivyo vitu viko wapi?"

"Hivi ninavyovishughulikia bado havijaundwa."

Bi Dhahabu anatafakari. "Yaani watengeneza kifaa cha kuchorea kitu ambacho hakipo, na redio iliyopo huiwezi."

"Ndivyo, mama."

"Haya, mwanangu. Mungu akusahilishie." Anaiweka redio mezani, anarudi kwenye cherehani yake, anatwaa doti, leso mbili zilizo kitambaa kimoja, na kupitisha mkasi katikati.

Jalila anautazama mkasi ule, kisha anaigeukia kompyuta upesi.

Mbio zile alizipata kwa kuukata mchoro vipande, ili vyote vikaguliwe kwa wakati mmoja. Naye aliukata jinsi alivyolelewa kukata. Ukizitenganisha leso mbili za doti, hakuna ua linaloharibika, kwa kuwa kila leso ina pindo lake.

"Mchoro hauna pindo," anasema. "Nimekata katikati ya ua."

Kasoro aliyoipanda imelala juu ya mkato wenyewe. Kila kipande kimeidhania ya jirani. Anaviamuru vipande vichungulie kidogo ng'ambo ya mpaka, anavijaribu tena vile viwili tu vinavyopakana hapo. Kasoro mbili. Yeye kapanda moja.

"Kwanza kipofu, sasa mlevi," Gedion anasema akipigiwa simu.

"Vipande vyote viwili vinaidai. Ya mpakani nitaihesabia kipande cha kushoto."

Safari hii inatokea moja. Anaing'oa ile aliyoipanda, mchoro wa chuo ubaki kama ulivyoletwa, anaukagua wote mara ya mwisho. Bado moja. Iko kwenye mpaka mwingine kabisa, mahali ambapo hakuwahi kugusa.

Gedion anaukagua mchoro uleule kwa programu ya kitambo. Alasiri anapiga simu. "Ipo kweli. Nawaambia chuo wasitume kitu. Mbio zako zibaki."

Bi Dhahabu anakuja na chai. "Umeipata kasoro yako?"

"Nimeipata. Na nyingine."

"Hiyo nyingine kaitia nani?"

"Sijui, mama." Jalila anaufungua mkono wa mama yake. "Chipu hii ikirudi kutoka kiwandani, inshallah, nitaomba moja nikuwekee hapa, ujue nafanya nini."

Bi Dhahabu anakitazama kiganja chake kitupu kwa muda, kisha anaigeukia redio iliyo mezani.

"Na Bwana Ngala nimwambie arudi lini?"