Mke Niliyemwacha Bila Kumuoa

Nimekosa, jamani, na safari hii sina wa kumsingizia. Jina langu nalificha, ingawa sura yangu wengi wenu mnaijua. Ningekuwa mtu wa kawaida ningemnong'oneza rafiki mmoja yakaisha. Mimi si wa kawaida, ndiyo maana nawaambia nyote.

Nina diploma ya sanaa za maonyesho. Niliipata hapa hapa Bagamoyo kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikaanza kwenye tamthilia ya televisheni, nikicheza shemeji mlevi anayefukuzwa kila wiki. Mpaka leo nikipita sokoni wananiita Shemeji. Kutoka hapo nikapanda ndege kwenda Ulaya na kuingia kwenye filamu za kimataifa. Tena filamu za maana! Katika moja mgongo wangu unaonekana vizuri sana.

Nikarudi kwetu Kaole na miwani nyeusi na koti zito la baridi. Nililivaa kwenye joto hili hili la pwani, kwa sababu watu walihitaji kuliona.

Nilimrudia Mwanaidi, muuzaji wa duka la dawa pale Zinga. Alinikubali tangu nikiwa shemeji mlevi, akanisubiri miaka yote niliyokuwa ng'ambo. Posa ikapelekwa. Baba yake, Mzee Kondo, akaniita, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kazi yangu hasa ni ipi.

Ningejibu, "Baba, huwa napita nyuma ya wenye filamu yao," leo nisingekuwa naandika haya. Nikajibu, "Mimi ndiye stelingi, mwenye filamu yake."

"Kwa hiyo unaigiza?"

"Kuigiza ni kwa huku, baba. Kule kila kitu ni cha kweli. Kofi la kweli, chozi la kweli. Sisi wenye diploma tunaliishi jambo lenyewe."

Mzee akasema, "Basi tuyaone hayo maisha yako, ndipo nijibu posa."

Mungu wangu! Filamu niliyokuwa nayo, ile ambamo sura yangu inaonekana, nimo mara moja tu. Nimelala kitandani hospitalini, kichwa kimefungwa bandeji, na daktari mmoja wa Kizungu, mwanamke, ananiinamia na kusema maneno mengi. Mimi sisemi hata neno moja. Napepesa macho tu, kisha kitanda kinasukumwa nje.

Nikakimbilia kwa Sudi, yule DJ anayetafsiri filamu kwenye kibanda cha video cha Zinga. Kazi yake mnaijua: picha inaendelea, yeye kashika maiki, anawasemea wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, hata mbwa. Na filamu yangu ilikuwa ya lugha ambayo Zinga nzima hakuna anayeijua. Hata mimi siijui.

"Sudi, nikuze."

"Nikukuze kiasi gani, Shemeji?"

"Kiasi cha stelingi."

"Kaka, umelala! Stelingi gani analazwa hata filamu haijanoga?"

"Wewe nipe uzito tu."

Nikavua miwani yangu nikamvalisha. Akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akatabasamu. "Nitawaliza."

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, kibanda kikafurika. Benchi la mbele wakakaa Mzee Kondo na mkewe, Mwanaidi, na mama yangu aliyevaa kanga mpya kwa heshima ya mwanawe. Sudi alishika maiki, miwani yangu usoni, ndani ya giza la kibanda.

Alianza vizuri, sikatai. Polisi wawili wakakimbiza gari, Sudi akasema, "Wahi, tumpate kijana wa Bagamoyo kabla maadui hawajamfikia!" Mzee mmoja wa Kizungu akanywa supu, Sudi akasema, "Supu hii haifikii ile ya kwao yule kijana." Watu wakapiga makofi. Mama akageuka kunitazama, nikajifanya sijali.

Kisha nikatokea na bandeji yangu. "Shemeji! Shemeji!" kibanda kizima. Daktari akanishika mkono, machozi yakamtoka. Sudi naye akapandwa na mzuka. Akalitaja jina langu kamili na la baba yangu, akalia kwa sauti ya kike: "Amka, mume wangu! Watoto wetu, Joni na Meri, wananiuliza baba yuko wapi!" Na nilipopepesa macho akaitika badala yangu kwa sauti nzito: "Naam, mke wangu wa ndoa. Waambie nakuja."

"Astaghafirullahi!" akasema mama Mwanaidi.

Mzee Kondo akasimama mbele ya televisheni. "Zima!"

Kisha akanigeukia.

"Kijana, ulisema kule kila kitu ni cha kweli. Kofi la kweli, chozi la kweli. Haya, na ndoa je? Maana ndoa haina mzaha. Umemwitikia mke kwa jina lako na la baba yako, mbele ya kadamnasi."

Mwanaidi akaninong'oneza, "Sema hukusema hivyo. Sema tu, yaishe."

Lilikuwa jambo jepesi! Ningesema Sudi katunga, mimi pale ni mgonjwa bubu. Lakini watu wote walikuwa wananitazama kama stelingi, na mimi utamu ule nilikuwa sijawahi kuuonja maishani. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nilishamwacha," nikasema.

Jamani! Nimemtaliki mwanamke ambaye hata jina lake silijui!

"Umemwacha naye anakulilia hivi?" akauliza Mzee Kondo. "Na wanao?"

Kabla sijajibu, mama yangu akaangua kilio. "Nina wajukuu, nawe umeninyamazia!"

Posa ikarudishwa kesho yake. Baadaye nilimfuata Mzee Kondo nikamweleza ukweli wote, nikalia mbele yake. Akasema, "Stelingi alikuwa uongo, mume alikuwa uongo, leo unaniambia mgonjwa ndiye wa kweli. Nitajuaje kama na kilio hiki si kule kwenu kuliishi jambo lenyewe?"

Nikaenda dukani kwa Mwanaidi. Akaniuzia dawa ya kichwa kama mteja yeyote, akasema bila kuniangalia, "Mimi nilimkubali shemeji mlevi. Huyo stelingi simjui."

Nyinyi mnaorudi kutoka ng'ambo, nawasihi! Kama ulipita nyuma, sema ulipita nyuma. Kama ulilala, sema ulilala. Anayekupenda atakupenda na bandeji yako. Ukijikuza, utakosa hata mahali pa kushukia.

Mimi bado sijashuka. Mama ameshashona kanzu ya Joni na gauni la Meri, vimekunjwa juu ya kabati, anangoja likizo yao. Kila asubuhi naamka nimeazimia kumwambia. Jana alinifuata barazani akaniuliza wanavaa viatu namba ngapi.

Nikamtajia.