Fundi Hatupi Kipande

Kabla fundi kompyuta hajamaliza kusema "tunafuta kila kitu, tunaanza upya," mama fundi cherehani alikwishaifunga laptopu yake na kuitia kwapani.

"Mama, hiyo Linux ni ya wataalamu," kijana alimwambia kwa ule upole unaoudhi kuliko tusi. "Wewe ni mtu wa sindano."

"Na wewe ni mtu wa kufuta," mama akajibu, akatoka.

Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Ndani ya mashine ile mlikuwa na michoro ya miaka kumi na mmoja, ya kukatia nguo za watu ambao nguo za dukani huwakataa: mwalimu mwenye kibyongo, muuza vitabu aliyeondolewa titi moja, na wengine wengi. Michoro ya karatasi ililiwa na mchwa, ndipo mpwa wake akamwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, awe anachorea humo. Sasa mpwa yuko masomoni, hashiki simu, na mashine ikipewa nywila inawaka, inazima, inaomba nywila tena. Mumewe alimshauri achore upya. Anayesema hivyo hajawahi kumpima mtu anayeona aibu kuvua shati.

Akakaa mezani, akaandika shida yake kwa simu kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa Linux. Jibu la kwanza lilikuja upesi: "Kama hujui, kwa nini unatumia?"

"Wewe ulizaliwa unajua?" akaandika. "Kama huna msaada, pisha njia."

Aliyepita njia hiyo alijiita Kobe. Alimwambia abonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kioo kikawa cheusi, kikaomba jina, kisha nywila. Mama akaandika nywila, hakuona hata nukta.

"Kibodi imekufa," akamwandikia.

"Haijafa mama. Inasikia, haionyeshi tu. Bonyeza Enter."

Ikakubali. Kobe akampa herufi chache za kuandika, df -h, na jibu likasema diski imejaa asilimia mia. Amri nyingine ikaonyesha kilichoijaza: pipa la takataka, gigabaiti tisini.

"Mama, hujawahi kumwaga takataka? Mashine imekosa nafasi hata ya kukufungulia."

"Fundi hatupi kipande. Kipande cha leo ni mfuko wa kesho."

Alisema kweli. Chini ya meza yake kulikuwa na gunia la vipande vya vitambaa, na pipa la kwenye kompyuta alilihesabu kuwa gunia la pili. Kila video ya mafunzo ya ushonaji aliyokwisha kuitazama aliitia humo, akijua ipo.

Kobe akampa amri ya kulimwaga. Mama hakuigusa.

"Michoro yangu haimo humo?"

"Usiniamini mimi. Tazama mwenyewe kwanza."

Akavaa miwani, akasoma majina yote, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka chai ikapoa. Hakuona jina la mteja hata mmoja. Ndipo akabonyeza, akaiwasha mashine upya, na michoro yake yote ikajipanga kiooni. Akalia kidogo, akajifuta kwa kanga, asiulizwe na mumewe.

Asubuhi akaiweka laptopu juu ya meza ya fundi kompyuta, ikiwa inawaka.

"Nani kakutengenezea?"

"Mimi. Nilielekezwa, mkono ukawa wangu."

Akafungua mchoro mmoja wa suruali, mguu wa kushoto umefupishwa kwa upana wa vidole vitatu. Kijana akasoma jina lililoandikwa juu. Lilikuwa la baba yake.

"Mbona jana hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, mwanangu, ungeiokoa suruali ya baba yako. Wengine ungewafuta."