Mama Alipona, Mimi Nikapata Sapu

Kwetu Kipatimu mtu haambiwi kwamba amefiwa. Anaambiwa mgonjwa wake amezidiwa, aje. Ukiwa mbali ukaletewa habari kwamba baba yako mgonjwa sana, njoo haraka, jua sanda imeshakatwa. Wazee wanasema ukimpa mtu ukweli akiwa safarini ataanguka njiani, mje kuzika wawili. Huo ndio uungwana wetu, na mimi sina ugomvi nao isipokuwa mmoja.

Nilikuwa mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, nasoma jiografia chuo kikuu Dar es Salaam. Nilitaka kitu kimoja tu maishani: kubaki palepale chuoni, nifundishe. Kaka na dada zetu waliotangulia walikuwa wakimaliza wanapangiwa kazi na serikali, huyu wizarani, yule kiwandani. Sisi tulikuta viwanda vimeuzwa au vimefungwa, tukaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu na daraja lake. Mwenye daraja la pili la juu alikuwa na nafasi ya kubakizwa awe mwalimu msaidizi na kusomeshwa zaidi. Mwenye daraja la pili la chini alipewa mkono wa kwaheri. Alama zangu za miaka miwili zilikuwa juu ya mstari, si kwa mbali sana, ila juu. Mwalimu wangu alishanionya, "Wewe usiteleze tu."

Mama alikuwa hajui kusoma, lakini habari hiyo aliijua vizuri kuliko mimi. Wakati wa kuchuma machungwa aliwachosha wenzake kwa kusema kwamba mwanawe atakuwa mwalimu wa walimu. Walipomwambia hakuna kitu kama hicho, aliwauliza, "Kwani walimu walizaliwa wanajua?"

Mitihani ya nusu ya kwanza ilikuja Machi, mvua zimeshika. Jioni moja, kesho yake nina mtihani, binamu yangu aliyekuwa akiuza mitumba Kariakoo alikuja bwenini akasimama mlangoni. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amempigia simu kutoka Posta ya Kilwa Masoko. Ujumbe ulikuwa huu: mama mgonjwa sana, njoo haraka. Nikamtazama usoni, naye akaangalia viatu vyake. Hakuwa na la zaidi, lakini na yeye ni mtu wa kwetu, alishajua maana yake. Wenzangu wa chumbani walianza kulia kabla yangu.

Mmoja tu, msichana wa bara, aliuliza, "Si wamesema mgonjwa? Kwa nini usipige simu ukahakikisha?" Tulimtazama kama mtu aliyekosa malezi. Nani anapiga simu kuuliza kama mama yake amekufa? Ofisi za chuo zilikuwa zimeshafungwa, na maiti ya Muislamu haingoji karani afungue dirisha. Nilijifunga kanga, alfajiri nikapanda basi.

Kivuko cha Ndundu kilikuwa kimesimama. Rufiji ilikuwa imefurika, maji mekundu yanapita na magogo, na mabasi yamepanga foleni matopeni. Mtihani wenzangu waliokuwa wakifanya asubuhi ile ulikuwa wa maji ya mito. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mto wenyewe, nalia. Akina mama wa kwenye basi walinizunguka, wakanipa pole, wakanilazimisha kula muhogo. Mmoja akaniuliza, "Marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini?" Nikamjibu kwamba alikuwa na kawaida ya homa. Nilisema "alikuwa". Nilimzika mama yangu pale mtoni, nikakumbuka jinsi alivyokuwa akimenya chungwa bila kukata ganda hata mara moja, na jinsi alivyokuwa akinisema kwa Kimatumbi akikasirika na kwa Kiswahili akiwa ananibembeleza. Tulilala pale, na mtihani wa pili ukanipita pia.

Tulipovushwa nilishukia Njia Nne, nikapata lori la kupandisha milimani. Sasa, mfiwa anayetoka mbali kwetu hafiki kimyakimya. Akikaribia nyumbani huanza kulia kwa sauti, ili waliomo ndani wasikie, watoke wampokee. Nilipofika kwenye kona ya shamba letu nikaachia kilio. "Mama yangu weee! Umeniachia nani mama!"

Watu wakatoka mbio. Lakini uani hapakuwa na majamvi, wala wanaume waliokaa kwenye mabenchi. Jirani yetu alikuja na mwiko mkononi, ametoa macho.

"Kuna nini? Nani kafa?"

Kabla sijajibu, nikasikia sauti kutoka ndani, nyembamba, imechoka, lakini ndiyo yenyewe.

"Huyo anamlilia nani?"

Alitokea mlangoni ameshikilia fremu, amejifunika shuka, amekonda mashavu. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, na siku mjomba alipopiga simu alikuwa hajitambui kabisa. Hospitali ya misheni ilimrudishia fahamu, na jana yake walikuwa wamemruhusu. Alinitazama nilivyojifunga kanga kichwani.

"Unanililia mimi?"

Nilianguka miguuni pake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile na sitakuwa nayo tena. Mama alicheka hadi akakohoa, kisha akakumbuka kwamba kumlilia mtu hai ni uchuro, akaanza kunisema kwa Kimatumbi. Mimi nikamgeukia mjomba.

"Mjomba, ulisema mgonjwa!"

"Si alikuwa mgonjwa?"

"Na angekuwa amekufa, ungesemaje?"

Mjomba alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mkweli. "Ningesema mgonjwa," akasema.

Hata mama alicheka. Baadaye tukiwa wawili akaniuliza, "Na mitihani umeshamaliza?" Nikamwambia iko miwili, nitaifanya nikirudi.

Niliporudi nilikwenda ofisini. Afisa wa mitihani hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma, maana hata wa kumchukia sikupata. Alinipa kiti, akanisikiliza, akaomba cheti cha kifo au barua ya mwenyekiti wa kijiji.

"Hajafa," nikasema.

"Sasa dada, uliacha mitihani kwa nini?"

Nikamweleza habari za kwetu. Aliitikia kwa kichwa, nadhani hata alielewa, ila kanuni zake hazikutoka Kipatimu. Mwanafunzi aliyefiwa na mzazi hupewa mtihani maalumu, na alama zake huhesabiwa zote kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mwanafunzi ambaye mzazi wake anaumwa anatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuondoka. Aliyeondoka bila ruhusa amefeli, na akionewa huruma atafanya mtihani wa marudio, ule tuliouita sapu. Na sapu, hata ukijibu kama malaika, haitoi zaidi ya C.

"Ungekuwa msiba," alisema taratibu, "lisingekuwa tatizo kabisa." Akanipa muda hadi mwisho wa likizo nilete uthibitisho wowote nilio nao.

Nilikwenda nyumbani likizo nikawaambia. Mjomba hakuona ugumu wowote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa rafiki yake, na barua ya msiba ni mistari mitatu na muhuri.

"Tumwandike amefariki," alisema. "Dar es Salaam nani atakuja kutazama kaburi?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Niandikeni," akasema. "Karatasi haiui mtu."

Nilikataa. Mama alikasirika, akasema elimu imenipa woga badala ya akili. Wala haukuwa uadilifu, na asije mtu akanipamba kwa hilo. Nilikuwa nimeshamlilia mara moja mbele ya nyumba yake mwenyewe, na mimi ni mtoto wa kwetu, najua uchuro ni nini. Nilimpenda kupita kiasi cha kumwandika maiti. Nilidhani pia C mbili hazitanishusha sana.

Sapu niliifanya Septemba. Sijawahi kujibu mtihani vizuri kama ule wa maji ya mito, na mwalimu aliyesahihisha alinisimamisha koridoni kuniambia kwamba ilikuwa A safi. Akaandika C, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa chini ya mstari, kwa upana wa kucha. Daraja la pili la chini. Nilirudi kitandani, nikajifunika, nikalia kwa uchungu ambao sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu kila niliyemwambia alinijibu, "Lakini mama si mzima? Mshukuru Mungu." Nilimshukuru. Na bado nililia.

Mahafali mama alikuja na mjomba. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika Dar es Salaam, na alivaa kanga mpya, bado inanuka duka. Wahitimu tulisimamishwa kwa madaraja, na langu nilikuwa sijamwambia. Waliposimama wa daraja la pili la juu, watu wakapiga vigelegele, na mama akapiga pia, akinitafuta kwa macho kati yao. Mjomba alikuja kuniambia baadaye kwamba ilimbidi amvute kanga akae. Niliwafuata nje. Mama alinikumbatia, akaishika kofia yangu, akaigeuzageuza.

"Wale waliosimama kabla yenu ndio wanaobaki kufundisha?"

"Ndiyo, mama."

"Ningekufa siku ile, ungekuwa umesimama pale."

Nilisema, "Mama, usiseme hivyo." Sikusema kwamba si kweli. Alinitazama akisubiri niseme, na mimi, msomi mzima, nikaanza kumnyoosha kanga yake. Mpaka leo nikikumbuka natamani niingie ardhini.

Nilipata kazi ya kufundisha sekondari Lindi, nikapanga chumba Mitwero. Kazi niliipenda, nisiseme uongo. Nilikwenda kwa mama kila shule zilipofunga, naye kila mara alikuwa mzima, hana hata mafua. Nilidhani ni bahati. Kumbe alikuwa anaugua kama watu wengine, ila aliwakataza kuniita.

Mwaka wa tatu wa kazi, mwezi Mei, mjomba alipiga simu shuleni mama akiwa ameshafariki. Alikuwa amelazwa hospitali ya misheni wiki nzima, na fahamu zake zote anazo. Nilifika wameshamzika.

Niligombana na mjomba mbele za watu. Aliniacha niseme hadi nilipochoka, kisha akaniambia nikamuulize sista aliyekuwa akimhudumia. Nilikwenda. Sista alinikalisha kwenye benchi la wodini, akaniambia kwamba kila asubuhi mgonjwa wake alikuwa akimuuliza swali moja: "Sista, shule zimeshafunga?" Sista akimjibu bado, anafumba macho na kusema, "Basi asisumbuliwe. Ana mitihani."

Mitihani yenyewe ilikuwa ya wanafunzi. Mimi nilikuwa nasimamia tu darasani, nikizunguka kati ya madawati, na mwalimu yeyote pale shuleni angenishikia nafasi.